Ugonjwa wa Makangaga

Nyuma ya nyumba aliyoniachia mama kuna kipande cha ardhi ambacho jua hulisikia kwa majirani tu. Mchicha ulikataa, maua yalikataa, hata magugu yalichungulia yakaghairi. Makangaga tu ndiyo yaliyokubali, mimea ya kivulini isiyotoa maua, yale magumu ambayo majani yake hubaki mabichi mwaka mzima. Mama alipanda machache chini ya ukuta, akafariki akitamani kuona kijani mpaka langoni. Nikasema kazi hiyo nitaimaliza mimi.

Mjuzi wa mimea kwetu ni dada yangu mkubwa. "Ukiona vidoa vya kahawia chini ya jani, huo ugonjwa," aliniambia. "Kata mapema, mdogo wangu, usije ukapoteza yote." Akajitolea kuyachukua mwenyewe akayachome kwake, yasiambukize mengine. Dada gani huyo, nilijisemea, anayebeba uchafu wa mwenzake kwenye basi? Kila mwaka nikakata, naye akabeba. Na kila mwaka makangaga yakabaki yale yale ya mama.

"Bustani ya mama imenishinda, dada. Niwie radhi."

"Usijali," alinijibu, akinipapasa bega. "Wewe Mungu alikupa mkono wa kupika."

Jumamosi iliyopita nilikwenda kwake bila kupiga simu. Mlango wa uani ulikuwa wazi. Kwenye ndoo mbovu, mabeseni na masufuria yaliyotoboka, makangaga machanga yalikuwa yamesongamana mpaka hapana pa kukanyaga. Mezani alikuwa amelaza majani yangu juu ya gazeti, na vumbi la kahawia lilikuwa limedondoka kutoka kwenye vile vidoa. Alikuwa akilinyunyiza kwenye udongo wenye unyevu, taratibu, kama anayetia chumvi. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema; changu nilikichemshia chai kila kilipokuja.

"Dada, siku hizi ugonjwa unapandwa?"

Alishtuka, kisha akajifuta mikono. "Si ugonjwa, ndizo mbegu za makangaga hizi. Nyumba mama alikupa wewe. Na mimi nilitaka kitu chake."

"Ungeomba, ningekupa."

"Ungenipa, ndiyo. Kingekuwa chako bado." Akanisogezea beseni moja kwa mguu. "Chukua hili basi."

Niliondoka mikono mitupu, roho ikiniuma, na si kwa sababu ya majani. Miaka yote hiyo nilikuwa nikimwomba radhi kwa kumwangusha mama, naye alikuwa akinisamehe.