Mkasi wa Mama Vagheni

Apollinaire alikuwa hodari wa kulia. Wengine wanazaliwa na sauti ya kuimba, yeye alizaliwa na chozi moja linaloshuka polepole kamera ikimwangalia, na likishafika shavuni anatoa leso nyeupe na kusema, "Ndugu watazamaji." Mimi nilimwamini kwa sababu ya chozi hilo. Sikuwa nimegundua bado kwamba lilitoka jicho la kushoto tu, upande ambao kamera ilisimama.

Ulikuwa mwaka wa elfu mbili na mbili. Waasi walitawala kutoka Beni, na kwetu Butembo kila njia ilikuwa na barieri na kila barieri ilikuwa na askari ambaye hakulala vizuri. Jina langu ni Hulda, mshonaji wa Mususa, lakini mtaani hakuna anayeniita hivyo. Mimi ni Mama Vagheni. Vagheni alikuwa na miaka kumi na minne, mwili wa kijana na akili ya mtoto anayejifunza kutembea. Hasemi. Anajua kucheka, anajua mlio wa cherehani yangu, na wakati ule alijua kukimbia. Akiona kitu kinachometa anakiendea mbio, na ukimwambia simama, neno hilo kwake ni kelele tu, sawa na kelele nyingine zote.

Kwa hiyo nilimfunga. Kipande cha kitenge, upande mmoja kiunoni mwake, upande wa pili kiunoni mwangu au kwenye mguu wa cherehani. Baba yake, Mathe, alifia kwenye barieri ya njia ya Beni. Vagheni alimponyoka mkononi akaikimbilia bunduki iliyokuwa inameta juani, askari akapaza sauti "Halte!", Mathe akajitupa mbele ya mtoto. Risasi ikamkuta yeye. Tangu siku hiyo sikumwacha mwanangu bila kitambaa, na aliyetaka kujua sababu nilimweleza.

Hata Apollinaire nilimweleza. Alikuja na mpiga picha wake, Salomon, kutoka kituo kidogo cha televisheni kilichokuwa kimefunguliwa mjini.

"Mama Vagheni," aliniambia, "tunapenda batu baone maisha ya famille yenye iko na mutoto wa hivi. Baache kuogopa."

Nilifua mapazia. Walikaa kwangu kutwa nzima. Salomon alipiga picha nikimwogesha Vagheni, nikimlisha bugali na sombe ya majani ya muhogo, naye ananitemea nusu na kucheka. Akampiga picha akiwa ameweka shavu juu ya meza ya cherehani kusikiliza mlio, jambo analolipenda kuliko yote duniani. Salomon mwenyewe alikula sombe yangu mara mbili. Mwisho nilisimulia kifo cha Mathe tangu mwanzo hadi mwisho, na Apollinaire akalia.

Jumapili jioni tulijazana kwa jirani yangu Sofia. Mume wake, Ramazani, ana lori, kwa hiyo ana jenereta, kwa hiyo ana televisheni. Nilialika hata watu ambao hatukuwa tunasalimiana. Nilitaka wamwone mwanangu akicheka ndani ya kile kisanduku, kama watoto wa wenzangu.

Hakucheka. Kilichoonyeshwa ni kitambaa. Kitambaa kiunoni, kitambaa kwenye mguu wa cherehani, kitambaa kikivutwa, karibu, karibu zaidi, na muziki wa matanga nyuma yake. Mathe hakutajwa. Barieri haikutajwa. Sauti ya Apollinaire ilisema kuna akina mama katika mji wetu wanaofunga watoto wao kama mbuzi, na mwenye roho ya utu asipite bila kuwafungua. Kisha akatokea mwenyewe, na leso yake.

"Mimi pia niko baba," akasema. "Mungu alinipa Kambale, mutoto wangu wa kwanza, na sikumufunga ata siku moja."

Nyuma yangu bibi mmoja alinong'ona, "Kambale njo wa kwanza? Na Paluku iko wapi?"

Kwetu Wanande jina la mtoto linasema amezaliwa wa ngapi. Mvulana wa kwanza anaweza kuitwa Paluku. Kambale ni wa pili, na hata wa kwanza akifa siku ileile aliyozaliwa, wa pili hapandi kukalia kiti chake. "Atakuwa alikufa," bibi akajibiwa. Mimi sikuwa na nafasi ya kufikiria watoto wa Apollinaire. Wageni wangu walikuwa wanatoka mmoja mmoja bila kuniaga.

Wiki haikuisha. Nilikuwa sokoni nachagua uzi, Vagheni yuko nyuma yangu na kitambaa chake, mama mmoja aliyevaa vizuri akatukaribia. Alikuwa na uso wa mtu wa kanisa. "Nilikuona ku télé," akaniambia, na kabla sijageuka vizuri alikuwa amechomoa wembe na kukata kitambaa. Alimgusa Vagheni shavuni. "Enda, mutoto wa Mungu."

Vagheni akaenda. Chini ya soko liliegeshwa gari la askari, na kioo chake kilikuwa kinameta. Nilikimbia nikilia kwamba haelewi, ni mgonjwa, haelewi. Askari naye alikuwa anapiga kelele zake. Risasi ilimpata gotini, na hospitalini wakaukata mguu juu ya goti.

Yule mama wa wembe sikumchukia. Yeye alitii alichoambiwa.

Nilimfuata Apollinaire nikamkuta anafunga mizigo. Kipindi kile kilikuwa kimempaisha: wakubwa wa Beni walikipenda, wakampa kituo kikubwa zaidi huko kwao. Nilimwomba jambo moja tu. Aonyeshe picha zote, kicheko cha mwanangu na habari ya baba yake, au basi aseme kwa kinywa chake mwenyewe, palepale aliponitukania, kwa nini mtoto kama Vagheni anafungwa.

"Mama, ile cassette tulishafuta," alisema, akiendelea kukunja mashati. "Batu balishasahau. Weye pia usahau."

Hata kulia hakulia. Salomon hakuwepo na kamera.

Damu ilinichemka, na haijapoa mpaka leo. Sitajifanya mtakatifu. Sikutaka aombe msamaha, sikutaka padri atupatanishe. Nilitaka aumie mbele za watu na nilitaka niwepo nikimwangalia. Nilikuwa nashona sare ya shule, Vagheni na shavu lake juu ya meza, swali la yule bibi liliponirudia. Paluku yuko wapi? Kwetu mtoto aliyekufa hafichwi. Anatajwa, anaombewa misa, na mara nyingi wazazi wake wanaendelea kuitwa kwa jina lake. Apollinaire kila mtu alimwita Papa Kambale, na yeye aliitika. Hakuna anayehangaika kuficha kaburi hivyo. Anayefichwa ni mtu aliye hai.

Kwamba alizaliwa Kipese, kule milimani, ilijulikana, maana alipenda kujisifu kwa viazi vya huko. Ramazani alikuwa anapanda Kipese kupakia mboga. Nikaomba nafasi mbele, nikamwacha Vagheni na Sofia. Nilipofika sikuuliza nyumba ya Apollinaire. Niliuliza, "Kwa koko wa Paluku ni wapi?" Mwanamke wa kwanza niliyemuuliza akaninyooshea kidole bila hata kutua kapu lake.

Koko, yaani bibi wa Paluku, mama yake Apollinaire, alikuwa anapalilia vitunguu. Kiunoni alikuwa amefunga kipande cha kitenge, na upande wa pili wa kitenge alikuwepo kijana mrefu mwenye paji la uso la Apollinaire, akitafuna kola ya shati jipya. Hakutoa neno. Aliona mkufu wangu ukimeta shingoni, akanijia mbio hadi kitambaa kikamzuia.

"Nani alikufundisha kumufunga?" nilimuuliza bibi baada ya kusalimiana.

"Baba yake. Alisema, Mama, basoda na bunduki zabo biko kila fasi, usimuachilie ata kidogo. Anakimbiaka."

Nilikaa chini kwenye udongo nikacheka mpaka machozi yakanitoka, macho yote mawili.

Bibi alikuwa amechoka. Mjukuu alikuwa amemzidi nguvu, na milio ya bunduki ilikuwa inakaribia kila msimu. Mwanawe alituma mashati kwa madereva, mwenyewe hakuja. Nilimwambia habari niliyoisikia kwa Ramazani: Kambale anapokea Komunyo ya kwanza, kutakuwa na sherehe kubwa Beni, twende Paluku amwone mdogo wake.

"Hawakutualika."

"Koko anaalikwaka ku fête ya mujukuu wake?"

Akaenda kuvaa kitenge chake cha misa. Sikumwambia nilichobeba ndani ya mfuko.

Lori la Ramazani lilitushusha Beni siku ya sherehe. Nyumba ya Apollinaire ilikuwa mtaa wa Mulekera, uani pametandwa turubai, kreti za bia zimepangwa, na wakubwa wameketi mbele. Walinzi wao walisimama getini na bunduki. Salomon alikuwa anapiga picha, maana hata Komunyo ya mtoto wake Apollinaire alitaka ionekane kwenye televisheni. Mlinzi alijaribu kutuzuia. "Niko mama ya mwenye nyumba," bibi akamwambia, akampita. Tuliingia wakati mtu wa protokole anasema, "Papa Kambale, tuonyeshe batoto bako!"

Apollinaire alisimama na maikrofoni, akamshika kijana wake mabegani. "Huyu njo muzaliwa wangu wa—"

"Papa Paluku!" bibi akaita.

Hakuita kwa ubaya. Hilo ndilo jina alilomwita mwanawe siku zote. Lakini chini ya turubai lile hapakuwa na Mnande aliyehitaji kufafanuliwa. Macho yote yalitoka kwa bibi, yakafuata kitambaa, yakafika kwa kijana mwenye paji lile la uso. Mke wa Apollinaire alijifunika mdomo kwa mikono miwili na hakusogea.

Mimi nilisogea. Nilitoa mkasi wangu wa kushonea, ule mkubwa, nikakiingiza kitambaa katikati ya meno yake.

"Unanitambua?" nilisema. "Mie njo ule mama wa mbuzi. Ulisema mwenye roho asipite bila kufungua. Leo niko na roho."

"Mama," Apollinaire akasema kwa sauti ndogo, "hapana."

Paluku alikuwa ameziona bunduki za getini. Alianza kuvuta. Mvuto ule naujua. Kiuno changu kinaujua. Mlinzi mmoja, asiyeelewa kitu, aliishusha bunduki yake begani.

Nikakaza vidole.

"Hapana kata!" Maikrofoni ilikuwa bado mkononi mwake na sauti ikajaa mtaa mzima. "Hapana kata, Mama! Anakimbiaka! Hajui kusimama! Basoda batamupiga masasi! Ni juu ya hiyo tunamufungaka!"

Alikuwa amepiga magoti, suti na yote, amekishika kitambaa kwa mikono miwili. Alilia kwa macho yote mawili na kwa pua. Salomon hakushusha kamera. Hakuna aliyemwambia aendelee, na mimi sijamuuliza kwa nini aliendelea.

Watu huniuliza kama kweli ningekata. Mkasi ulikuwa umeshauma nyuzi mbili tatu.

Niliuondoa kwa sababu Paluku hakuwa amenikosea chochote. Lakini nilisimama palepale nikamtazama baba yake hadi nikatosheka, na nasema wazi, nilifurahi. Bibi ndiye aliyemaliza kazi. Alifungua kitambaa kiunoni mwake, akamzungushia mwanawe juu ya suti, akakaza fundo.

"Sasa weye, Papa Paluku," akamwambia, akaenda kuketi na kuomba chakula.

Kaseti aliyopiga Salomon siku ile ilifika Butembo ndani ya lori la Ramazani, na Jumapili iliyofuata ikaonyeshwa kwenye kituo kilekile kilichoniita mfunga mbuzi. Kwa Sofia palijaa. Wale walioondoka bila kuniaga walirudi na sukari na sabuni, wakisema walijua tangu mwanzo. Nilipokea sukari yao na sikuwaambia asante. "Ni juu ya hiyo tunamufungaka," Apollinaire alisema ndani ya kisanduku, na watu wakaomba irudiwe, na ikarudiwa.

Waliporudi kwao, Sofia alinisaidia kumvusha Vagheni hadi nyumbani. Tulimkalisha karibu na cherehani, akaweka shavu mezani akingoja nianze. Sofia aliona mabaki ya kitenge kikapuni, akauliza kama anikatie kipande kingine, maana kile cha zamani kilibaki sokoni.

Nilimwambia aache. Siku hizi mlango wangu uko wazi tangu asubuhi, askari wanapita na magari yao yanayometa, na mwanangu anayatazama tu.