Hesabu ya Maadui Wawili

Ofisini kwetu, nje kidogo ya Moscow, kila hesabu ya chombo cha angani ilipigwa na watu wawili, kila mtu peke yake. Majibu yakilingana, mkuu anatia saini. Yasipolingana, hakuna kurusha. Mimi niliwekwa pamoja na Zoya Kirillovna makusudi, kwa sababu hatupatani. Mkuu wetu, Gleb Antonovich, alisema maadui hawanong'onezani majibu. Zoya ndiye aliyemchongea mume wangu kwamba anasikiliza redio ya Wamarekani, akafukuzwa kazi. Nilimchukia hadi harufu ya sabuni yake.

Alhamisi ile tulitafuta mahali ambapo chombo chenye mbwa wawili kingetua. Majibu yakapishana kilomita mia nne.

"Wamarekani wanarusha wiki hii, ninyi mnanichezea!" Gleb Antonovich alifoka. "Nawapa saa moja. Anayekiri kosa nitampeleka kupanga mafaili. Anayeng'ang'ania, simjui tena."

Nilirudia mstari kwa mstari. Kwenye mstari wa arobaini na moja nikakuta nimejumlisha palipotakiwa kutoa. Kosa langu mimi. Nikaifunika karatasi yangu, wacha aumbuke yeye.

Saa ilipokwisha, Zoya akasimama, uso umemshuka. "Ndugu mkuu, nimekosea mimi. Jibu la Rimma ndilo."

Alikuwa hajakosea hata tarakimu moja. Aliogopa tu, maana kila mtu alijua mkuu ananiamini mimi. Gleb Antonovich akachukua kalamu. Ushindi niliouota miaka miwili ulikuwa huo mezani, na mbwa wale wangeshuka mahali pasipo na mtu wa kuwafungulia.

"We Zoya, una akili kweli?" nikapiga kelele. "Siku moja tu umepatia, halafu unakubali kushindwa! Rudisha jibu lako!"

"Rimma Pavlovna, kaa chini," mkuu akasema.

"Sikai! Tazama mstari wa arobaini na moja. Kosa ni langu."

Nikahamishwa siku hiyohiyo. Zoya alinifuata mlangoni.

"Usidhani nitakushukuru."

"Thubutu uone."

Mbwa walirudi wazima. Mimi napanga mafaili ghorofa ya chini. Zoya amepewa mwenzake mpya, rafiki yake wa chanda na pete, na nasikia majibu yao hayajapishana hata mara moja. Naogopa. Safari ijayo haibebi mbwa, inabeba mtu.