Sufuria ya Bi Tunu Haionjwi

Bi Tunu wa Mtoni, Temeke, alikuwa na majivuno mengi, lakini moja liliyazidi yote: katika mifungo thelathini na mitano ya kupika futari, hajawahi kuonja chakula jikoni. Mpishi aliyefunga anaruhusiwa kugusa mchuzi kwa ncha ya ulimi kisha akautema. Bi Tunu aliwaita hao wapishi wa kubahatisha. Yeye alinusa mvuke tu, akatia chumvi kwa vidole vitatu, basi. Mtaa mzima ulilijua hilo, na aliyekuwa halijui aliambiwa.

Kisichojulikana ni kwamba pua yenyewe ilishakufa. Mwaka juzi, wiki chache kabla ya mfungo, aliugua mafua makali. Akapona, lakini harufu hazikurudi, na ladha nayo ikapotea. Hakumwambia mtu, hata binti yake Najma. Mfungo ulipoingia alipika kwa kukisia, akingoja kuumbuka, na watu wakala wakasifu. Basi akaamua kwamba mikono yake haina haja ya pua. Miezi mingine alimwachia Najma jiko, lakini futari ilikuwa yake peke yake, na majivuno yakapanda mara mbili.

Leo wakwe walikuwa wanakuja kufuturu kwa mara ya kwanza tangu posa ya Najma ikubaliwe. Mama yake Sadallah, bwana harusi mtarajiwa, alikuwa amesikia habari za sufuria isiyoonjwa na alitaka kujionea. Tena alileta ombi: apikiwe ile chili ambayo mwanawe aliizoea alipokuwa akifanya kazi kwenye mgahawa mmoja Msasani.

"Chili!" Bi Tunu alisonya, akimimina mafuta. "Mie nikadhani ni ile ya kwenye chupa. Kumbe nyama na maharage, sufuria moja! Mtu mwenye akili zake anaiharibu nyama namna hiyo?"

Aliyekuwa akiambiwa ni Bupe, mpangaji wa chumba cha uani, mwalimu wa shule ya msingi kutoka Tukuyu. Hakuwa Mwislamu, lakini kila mfungo alikuja kumsaidia mwenye nyumba wake kumenya na kukatakata.

"Kwetu tunachanganyaga, mama," alisema Bupe, akimenya kitunguu saumu.

"Ndiyo maana. Nyie watu wa bara mnapikaga mshibe tu. Chumvi na maji, mmemaliza. Mkitiliwa hiliki mnadhani dawa."

Bupe akacheka kidogo, akaendelea kumenya. Ucheshi wake ulimuudhi Bi Tunu. Mtu akidharauliwa anatakiwa angalau anune.

Bi Tunu akabandika kikaango kikavu, akatia bizari nyembamba na giligilani, akazigeuza kwa mwiko huku akieleza jinsi mama zake walivyopika na jinsi wa siku hizi wasivyojua kitu. Moshi ukaanza kupanda. Bupe akakohoa.

"Mama, naona kama zinaungua."

"Kafundishe watoto wako kusoma, mwalimu. Bizari niachie mie."

Akazitwanga vivyo hivyo, nyeusi. Akakaanga nyama ya kusaga mpaka ikakauka maji, akatia vitunguu, saumu, tangawizi, nyanya, kijiti cha mdalasini na ile bizari yake. Pilipili kichaa akakatia kiganja kizima, kwa hasira tu. Mwisho akamimina maharage mekundu, akiyatazama kwa kinyaa. Kisha akainama juu ya sufuria, akafumba macho, akavuta pumzi ndefu ili Bupe amwone.

"Imekubali," akasema, akaenda kuswali alasiri.

Aliporudi hakuvaa kandambili, ndiyo maana hakusikika. Bupe alikuwa amesimama mbele ya jiko, tone la mchuzi kiganjani, analilamba. Akafikiri. Akakamulia ndimu, akatia chumvi, kisha akafungua kikaratasi na kunyunyiza kitu cha rangi ya udongo.

Bi Tunu aliyaona yote hayo kutoka mlangoni. Akajua ni husuda. Akajua ni dawa.

"Unanitilia nini humo?"

Bupe aligeuka, mwiko mkononi. Hakukimbia. "Bizari, mama. Nimekaanga nyingine kwangu. Ile yako iliungua, imeleta uchungu."

"Nani kakutuma?"

"Hakuna. Mwaka juzi ulitia chumvi mara mbili kwenye kunde. Nikazimwaga maji, nikaziunga upya. Tena ulinusa tui lililochacha ukasema limekubali. Nikajua pua yako haifanyi kazi. Tangu siku hiyo, ukienda kuswali, naonja."

"Kila siku?"

"Kila siku ya mfungo, mama."

Bi Tunu akahesabu. Mifungo mitatu! Sifa zote zile, na wapishi wote aliowacheka. "Na mbona hukusema?"

"Ningesemaje? Ulishasema watu wa bara hatujui kupika."

Bi Tunu aliona aibu mpaka masikio yakamwaka.

Magharibi ilipoadhiniwa, wageni walifungua kwa tende na uji, kisha chili ikaletwa na chapati. Bupe alikaribishwa mkekani, akakaa pembeni karibu na sufuria. Mama yake Sadallah alionja kwa tahadhari, kisha akaacha tahadhari kabisa. Alikula mpaka bakuli likabaki jeupe.

"Bi Tunu," alisema, "na hii kweli hukuionja?"

Wote wakamtazama. Jibu lilikuwa tayari mdomoni, tena la kweli: sijaonja. Bupe aliinamia sahani yake, na ilikuwa wazi kwamba hatasema neno, leo wala kesho. Bi Tunu angeweza kuvumilia dharau ya mtu yeyote. Huruma ya mpangaji ndiyo iliyomshinda.

"Mie sijaonja," alisema. "Kaonja huyu. Mie pua yangu imekufa, mwaka wa tatu sasa. Futari zote mlizosikia zikisifiwa, katengeneza yeye."

Najma alirudisha kipande cha chapati sahanini, akamgeukia mama yake. Mama yake Sadallah aliwatazama wanawake wawili, mmoja baada ya mwingine. Kisha akanyoosha bakuli lake, akampita Bi Tunu, akampa Bupe.

"Niongeze, mwanangu."

Bi Tunu alimega chapati, akachovya, akatafuna. Hakusikia nyama, hakusikia bizari. Alisikia moto tu, ukimchoma ulimi na koo. Akabetua midomo.

"Ila pilipili kazidisha," alisema. "Hawa watu wa bara hawana kiasi."

Bupe alichota upawa wa pili, akaumimina taratibu.

"Pilipili sikuigusa, mama," alisema. "Hiyo ni yako."