Nyani Aliyechechemea kwa Ndizi

Mkwe wangu anafunza wanyama, mimi ninawakatia matunda. Kazi hii alinitafutia yeye, baada ya binti yangu kulalamika kwamba nikikaa nyumbani kutwa nampangia upya sufuria zake. Basi nikapewa kisu, ubao na ndoo ya buluu, nikawa mtu wa jikoni katika bustani ya wanyama.

Mle ndani nilimpenda nyani mmoja jike. Watu walimwita Bibi Harusi, maana siku za maonyesho alivalishwa gauni jeupe, akazunguka jukwaa kwa baiskeli ndogo huku mkwe wangu akipuliza filimbi. Watoto walicheka hadi wakatokwa na machozi. Mimi nilikuwa naijua siri ya jikoni: siku ya maonyesho Bibi Harusi halishwi asubuhi.

"Njaa ndiyo mwalimu, mama," mkwe wangu alinieleza. "Akishiba hanisikii."

"Na wewe ukishiba unamsikia nani?"

Akacheka, akaenda zake. Ndivyo anavyonijibu siku zote.

Siku moja Bibi Harusi alikanyaga kigae cha chupa, akawa anachechemea. Nikamwonea huruma, nikampenyezea ndizi mbivu kwenye nondo. Mkwe wangu naye akampumzisha. Kidonda kikapona. Asubuhi ya maonyesho yaliyofuata, kuniona tu na ndoo, akaanza kuchechemea tena, mkono kaunyoosha, jicho kwenye ndoo. Nikampa. Mara ya tatu akasahau mguu uliokuwa mgonjwa, akachechemea kwa ule mwingine. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

"Mwongo mkubwa wewe! Angalau kumbuka ulipoumia."

Na ndizi nikampa. Hapo ndipo nilipokosea. Mkwe wangu aliugundua uongo wa mguu, ila hakujua umetoka wapi, akaapa hatampumzisha tena hata akija anatambaa.

Ikafika asubuhi nyingine ya maonyesho, nikamkuta amejikunyata pembeni. Hakunyoosha mkono. Nilimmenyea ndizi, akaitazama kama anatazama jiwe. Alipoinuka, mguu mmoja wa nyuma haukugusa sakafu, na alipoona namwangalia akajilazimisha kuukanyagia, kama mtoto anayeficha sahani aliyoivunja. Nikamwita mkwe wangu mbio.

"Mwite daktari wa mifugo."

"Mama, huyo mwigizaji. Juzi si alichechemea?"

"Juzi alitaka ndizi. Leo anaikataa."

"Basi ameshiba."

"Ameshibia wapi, na wewe umemnyima tangu jana?"

Akachungulia jukwaani. "Mama, nakuheshimu. Lakini viti vimeshajaa. Bosi atanimeza mzima."

Nikamfuata bosi. Alikuwa akiwapimia waliokosa viti mahali pa kusimama. "Bibi, kakate matunda," akasema, hata hakugeuka. Nikamwomba karani wa getini ampigie daktari simu, akaniambia nisubiri, nikasubiri. Kusubiri nakujua, nimesubiri wajukuu wanne kwenye mabenchi ya hospitali. Lakini kule kulikuwa na mtu akishughulika nyuma ya mlango. Hapa hapakuwa na mtu, ila gauni tu lililokuwa likifungwa vifungo.

Mzunguko wa pili Bibi Harusi akaanguka na baiskeli yake. Watu wakapiga makofi, wakidhani ndivyo mchezo ulivyo. Filimbi ikalia. Akajaribu kupanda, akaanguka tena. Filimbi ikalia tena. Nikapanda jukwaani na aproni yangu yenye maji ya mapapai.

"Mimi ndiye niliyemfundisha kuchechemea," nikamwambia mkwe wangu. "Nampa ndizi kila siku ya maonyesho. Ule uongo ulikuwa wangu. Huu wa leo si uongo."

"Mama! Miezi yote nahangaika na nyani, kumbe kikulacho kiko jikoni kwangu!"

Lakini aliinama, akainua gauni. Unyayo ulikuwa umevimba, kipande cha waya wa kanyagio la baiskeli kimezama ndani. Filimbi ikamtoka mdomoni. Jioni daktari akautoa ule waya.

Siku mbili mkwe wangu hakusema nami, salamu alizileta binti yangu. Siku ya tatu bosi akaja jikoni anacheka.

"Bibi, kumbe fundi ni wewe! Akipona tunatupa baiskeli. Ataigiza mgonjwa, wewe utavaa koti la daktari. Watu watavunjika mbavu!"

Nikamtazama mkwe wangu. Akatazama sakafu. "Ni kazi nyepesi, mama. Afadhali kuliko baiskeli."

Na kweli ilikuwa afadhali. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Nikakubali.

Kidonda kilipofunga, siku kumi mfululizo nilimlisha asubuhi akashiba, tena mbele ya watu. Ndizi mbivu aliipata jukwaani, akikaa kimya na kuvipa viti vya watazamaji mgongo. Akichechemea, sikumpa kitu. Siku ya nne alichechemea mpaka nikalazimika kwenda kuosha ndoo iliyokuwa safi, nisije nikampa.

Siku ya maonyesho, koti jeupe likinibana makwapa, ngoma ikapigwa. Bibi Harusi akaniangalia mikono. Akageuka, akakaa, akawapa watu wote mgongo. Mkwe wangu akapuliza filimbi hadi mashavu yakawa kama maputo.

"Bibi harusi kanuna!" mtu akapiga kelele. Wakacheka, wakachoka kucheka, wakaanza kutoka. Nikachomoa ndizi mfukoni, nikampa.

"Amezeeka huyu," bosi akasema. "Mpelekeni banda la nyuma."

Ndiko aliko sasa, bila gauni, anakula asubuhi kama wenzake. Nilichokitaka nimekipata.

Jana wameleta nyani mwingine, mtoto, amekumbatia gunia aliloletwa nalo na hataki kuliachia. Mkwe wangu ameniletea gauni lile jeupe, pini kaziuma mdomoni.

"Mama, lipunguze kiuno. Halafu kesho asubuhi usimpe kitu."

Nimelishona mara tatu, na mara tatu nimelifumua. Ananipigia hodi mlangoni, anauliza kama bado. Namwambia bado.