Bustani Inayodai Mji

Usingizi hauna adabu, humkuta mtu hata ugenini. Bi Mwanahawa ameketi kwenye baraza ya mbao ya hekalu la kale mjini Kyoto, viatu kaviacha mlangoni kama wenyeji wanavyotaka, na bintiye Saumu anamnong'oneza: Mama, tazama changarawe hizo, watawa huzichana kwa reki mpaka ziwe mawimbi, na hakuna ruhusa kuzikanyaga. Bi Mwanahawa anayatazama mawimbi, mawimbi nayo yanamtazama, kope zinamwelemea, na mara yumo katikati ya mawe, peku, baraza haipo wala Saumu hayupo. Njia inapinda, anaifuata, inapinda tena, na kila daraja analovuka linamrudisha kwenye bwawa lilelile, na ndani ya bwawa umelala mji wao wa Pangani, kichwa chini miguu juu, na mumewe mzee Mbaruku amekaa kizingitini anakunywa kahawa, kahawa haimwagiki. Bi Mwanahawa anainua macho, anamwona Shekue. Shekue mwanawe, ambaye mto ulimchukua na haukumrudisha. Hitima ilisomwa, watu wakala pilau, yeye akakataa hata kuionja. Hitima ya nani, mtoto hajarudi tu. Sasa huyo anakatiza changaraweni na shati lake la siku ile, na mawimbi hayavunjiki.

Anataka kumkimbilia. Mfagiaji anamzuia kwa ufagio wa matawi, mtu asiye na uso, mahali pa uso pamesawazishwa kwa reki. Niache, baba, yule mwanangu. Kitendawili, anasema yule mtu, kwa Kiswahili cha kwao kabisa. Mdomo wa Bi Mwanahawa unaitikia wenyewe: Tega. Apita bila unyayo, aitwa bila kuitika. Loo! Hata mtoto wa chuoni angekitegua. Jibu liko kwenye ncha ya ulimi, linachoma, na akilitamka tu atakuwa amemzika Shekue kwa kinywa chake mwenyewe. Sijui, anasema. Wajua. Sijui! Basi nipe mji. Chukua Mombasa. Mombasa huna mtu, ya nini? Chukua Unguja. Nipe mji unaokuuma. Na Shekue anazidi kwenda, mabega yanafifia, na uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Bi Mwanahawa anapiga kelele: Chukua Pangani, niachie mtoto!

Mfagiaji anainama kwa heshima. Nimekwenda Pangani, anasema taratibu, kama wasemavyo wategaji wote, nimekula, nimekunywa, nimelala, hakuna aliyebaki wa kuniamsha. Na jibu lake ni maiti. Ndiyo sheria ya mchezo, na mtu mzima mwenye wajukuu kaisahau: mji ukishatolewa, jibu husemwa. Shekue hayupo. Ndani ya bwawa yamebaki maji.

Mama, mama, umesinzia, watu wanatutazama. Ni Saumu, anamtikisa bega. Machozi yanamtiririka Bi Mwanahawa, kamshika bintiye mkono kwa nguvu zote. Mpigie baba yako, anasema, sasa hivi, muulize kama Pangani ni salama. Saumu anacheka kidogo, kisha anaacha kucheka. Bi Mwanahawa anajifinya ili aamke, anajifinya tena, panauma.

Pangani ndiyo wapi, mama?