Risasi Nyepesi za Daktari

Daktari wa meno aliomba kitu kidogo tu: pakiti mbili za risasi nyepesi, zilezile alizotumia wiki iliyopita. Muuzaji wa duka la uwanja wa shabaha alikuwa ameshaziweka kauntani, baba mkwe wa daktari alipokohoa.

Kikohozi kile daktari alikijua. Miaka kumi na mitatu ya ndoa ilimfunza kwamba nyuma yake hufuata mhadhara.

"Mwanangu, hizo ni punje za mtama," alisema mzee. Alikuwa mpima ardhi mstaafu, na pale uwanjani wote walimwita Mzee Vipimo. "Mita mia mbili, upepo utazipeperusha. Chukua nzito."

"Nzito nilishazijaribu, Baba. Bunduki yangu haizipendi."

"Bunduki ni chuma. Chuma hakipendi wala hakichukii."

Akaagiza kila pakiti iliyokuwepo rafuni ishushwe. Akavaa miwani, akasoma maandishi madogo moja baada ya jingine, akazipima risasi kiganjani kama mtu anayenunua nyanya. Nyuma yao foleni ikarefuka. Muuzaji akatazama dari. Angekuwa baba yake mzazi, daktari angeshamkatiza zamani. Lakini mkwe ni mkwe.

"Basi tuchukue zote mbili, Baba. Karatasi ya shabaha ndiyo itakayoamua."

Uwanjani daktari akalala kifudifudi, akafyatua tano nzito. Matundu yakasambaa kwenye karatasi kila moja na njia yake.

"Upepo," alisema mzee.

Bendera ilikuwa imening'inia mlingotini kama tambara bovu.

Daktari akafyatua nzito tano nyingine. Mambo yakawa yaleyale.

"Pumzi umeivuta vibaya. Halafu kiwiko. Na ile karatasi, mbona kama wameibandika upande?"

Daktari akaiweka bunduki chini, akageuka.

"Baba! Nisamehe, lakini naomba unyamaze. Dakika tano tu!"

Msimamizi wa uwanja akajifanya anafunga kamba ya kiatu. Mzee akaenda kukaa kwenye benchi, mikono magotini. Daktari aliona aibu hadi masikio yakawaka moto. Hata hivyo akapakia zile nyepesi. Tano zote zikaingia katikati, zimebanana hivi kwamba kizibo cha soda kingeyafunika matundu yote.

Mzee akaja polepole, akainamia darubini ya kutazamia shabaha.

"Hebu nipishe."

Akalala, magoti yakilia, akafyatua nyepesi tano. Nne zikapiga kwenye duara jeusi. Alipoinuka, uso wote ulikuwa unameremeta.

"Unaona sasa? Siku zote nawaambia, nyepesi ndizo zenyewe!"

Daktari akamtafuta msimamizi kwa macho, angalau apate shahidi. Msimamizi alikuwa ameshakwenda zake.

"Zimebaki ngapi?" aliuliza mzee, na mkono wake tayari uko ndani ya pakiti.