Ukuta Nyuma ya Kabati

Mzee Batholomeo Mazengo aliwaambia wazee wenzake wa kanisa kwamba mimi ni mlevi. Ushahidi wake ulikuwa mambo mawili: mikono yangu ilitetemeka, na nje ya mlango wangu kulikuwa na chupa tupu za spiriti. Yote mawili yalikuwa kweli. Lakini mimi sinywi pombe. Nilichokunywa ni kahawa, kikombe kimoja kila asubuhi, na kwa miaka tisa hakikuwahi kunidhuru.

Naeleza hapa jinsi nilivyomlipa.

Kazi yangu ni kupima. Katika maabara binafsi ya nafaka mjini Dodoma, napima karanga na mahindi kutafuta sumukuvu, sumu inayotokana na kuvu wa nafaka iliyohifadhiwa ikiwa na unyevu. Mizani yangu husoma hadi sehemu ya elfu kumi ya gramu. Ukiipumulia, inasoma pumzi yako. Mtu mwenye mikono inayotetemeka hana kazi pale.

Januari ya mwaka jana nilipanga nyumba ndogo ya Mzee Batholomeo huko Ipagala, nyuma ya nyumba yake kubwa: chumba cha kulala, sebule, choo. Juu ya dari ya chumba cha kulala aliweka tenki la maji la lita elfu moja. Maji ya Dodoma huja kwa mgao, na yakija kila mtu hujaza alichonacho. Boya la kuzuia tenki lisifurike lilikuwa limekufa. Kila mgao ulipokuja, tenki lilifurika na maji yakateremka ndani ya ukuta, nyuma ya kabati, karibu na kichwa cha kitanda changu. Sikulijua hilo. Nilijua tu kwamba naamka kifua kimebana na macho yanawasha, na kwamba kufikia mwezi wa sita kikombe kilekile cha kahawa kilinifanya nitetemeke hadi saa sita mchana.

"Zipora dada, leo umekuja na ngoma yako?" Bupe aliniuliza siku moja. Ni mwenzangu wa maabara, mtu wa Mbeya, hana siri mdomoni. "Mizani inacheza, na wewe unacheza."

"Sikulala vizuri."

"Hujalala vizuri tangu Pasaka."

Agosti niliangusha chupa ya sampuli ya mteja. Nikaacha kahawa. Mtetemeko ukapungua, lakini hata chai ya rangi ya saa nne ilinirudisha palepale. Kiongozi wa maabara, Bwana Ebenezer, aliona. Akaandika tarehe kwenye daftari lake.

Septemba nilihamisha kabati nifagie. Ukuta wa nyuma yake ulikuwa na rangi ya mafuta, mpya kuliko ya kuta nyingine. Niliikwangua kwa ufunguo. Chini yake kulikuwa na weusi laini wenye harufu ya gunia la karanga lililolowa. Harufu hiyo naijua kuliko manukato yoyote. Mtu alikuwa ameiona kabla yangu, akaipaka rangi, akasogeza kabati juu yake.

Nilimfuata Mzee Batholomeo barazani kwake. Ni ofisa afya mstaafu, mtu wa suti ya kaki na kalamu mbili mfukoni. Alikuwa anakunywa kahawa yake nyeusi, nzito kama lami, kikombe cha tatu siku hiyo. Alijivunia kiasi hicho.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, binti. Sema."

Nilisema. Akacheka hadi kikombe kikagonga kisahani.

"Kuvu? Dodoma hii? Binti, hapa hata mate hukauka kabla hayajagusa chini! Mimi nimekagua nyumba za watu miaka thelathini. Nenda Tanga ukatafute kuvu."

"Naomba uje uone, Mzee."

"Ninaijua nyumba yangu. Acha kahawa, utapona. Kahawa ina watu wake."

Nilinunua spiriti, nikapangusa ukuta kila Jumamosi. Chupa tupu niliziweka nje zikisubiri gari la taka. Hizo ndizo alizoziona.

Sikutaka kuamini hisia zangu, kwa hiyo nilizipima. Bupe alinifungia pakiti za kahawa, gramu kumi kila moja, zenye alama A au B. Aina moja ilikuwa kahawa ya kawaida, nyingine kahawa iliyoondolewa kafeini, na yeye peke yake alijua ipi ni ipi. Nilikunywa asubuhi, nikangoja dakika arobaini na tano, nikahesabu mapigo ya moyo kwa dakika nzima. Nikiwa Ipagala, A ilinipeleka hadi mapigo 118. B iliniacha kwenye 78. Kisha nikachukua likizo, nikakaa siku kumi na sita kwa dada yangu Devota huko Mpwapwa, katika nyumba ya bati yenye kuta kavu na vumbi la kutosha. Siku ya kwanza A ilinifikisha 110. Siku ya kumi na mbili, 86, na mkono wangu ulishika sindano ukaitia uzi. Niliporudi Ipagala, ilichukua siku tisa tu A kunirudisha 112. Ndipo Bupe akaniambia kwamba A ndiyo yenye kafeini.

Daktari niliyemwonyesha namba hizo alikuwa mkweli. Alisema hajui utafiti uliothibitisha kwamba kuvu wa nyumbani humfanya mtu ashindwe kustahimili kafeini. Huenda kifua kinachobana kilininyima usingizi, na mwili usiolala hushtushwa na kidogo. Huenda. Mtu mmoja si utafiti, na mimi ndiye wa mwisho kudai kuwa ni utafiti. Lakini niliweza kusema kwa uhakika kwamba A ilikuwa kahawa ileile na damu ilikuwa ileile, na kilichobadilika ni chumba.

Nilimwandikia Mzee Batholomeo barua mbili, Oktoba na Novemba, nikaambatanisha picha za ukuta. Ya kwanza hakuijibu. Ya pili aliijibu kiofisa, kwa karatasi yenye jina lake juu na sahihi chini: "Nyumba haina tatizo lolote. Mpangaji apunguze kahawa."

Jumapili iliyofuata aliwaeleza wazee wa kanisa habari za chupa. Bwana Ebenezer ni mmoja wa wazee hao. Jumatatu aliniita ofisini.

"Sikuhukumu," alisema bila kuniangalia. "Lakini kuanzia leo utapokea sampuli mapokezi. Mizani atashika Bupe."

"Mimi si mlevi, Bwana Ebenezer."

"Mzee Batholomeo ni mtu mzima, Zipora. Ameziona chupa."

Nilikaa mapokezi miezi sita, nikiandika majina ya watu kwenye mifuko ya karanga. Sikutafuta nyumba nyingine mara moja. Nilikuwa nangoja Aprili.

Wenyeji wa Dodoma wenye nyumba nzuri wana desturi: Bunge la bajeti linapokaribia, kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, mji hujaa wageni wa serikali, na mwenye nyumba huhama nyumba yake kubwa akawapangisha, yeye akajibana uani. Mzee Batholomeo alikuwa amefanya hivyo kila mwaka. Mwaka uliotangulia alijibana kwa mtoto wake. Mwaka huu mtoto alikuwa amehamishiwa Singida. Nilifanya hesabu kabla yeye hajaifanya.

Katikati ya Machi alisimama mlangoni kwangu.

"Binti, nipishe chumba. Kuna ofisa anakuja na wageni wake, tumeshasaini hadi tarehe thelathini Juni. Na kwa kweli, kwa habari zako zile, ni vizuri ukatafute mahali pengine."

"Sawa, Mzee. Na mama?"

"Mama yupo Kibakwe shambani hadi mavuno yaishe. Nitakaa peke yangu."

Hilo nililihitaji. Mkewe hakuwa amenikosea chochote, na kama angelala katika chumba kile ningeuvunja ukuta kwa mikono yangu. Lakini alikuwa Kibakwe.

Nilifagia nyumba, nikapiga deki. Nilirudisha kabati mahali pake, usawa uleule. Juu ya meza nikamwachia nusu kilo ya kahawa ya Mbinga, iliyosagwa siku hiyo.

"Binti!" alisema aliponusa mfuko. "Kumbe una moyo."

"Kunywa kwa afya, Mzee."

Nilipomweleza Bupe, aliweka chini kalamu yake.

"Na akifa?"

"Nimelala mle miezi kumi na minne sikufa. Yeye atalala mitatu."

"Ni mzee, Zipora."

"Ana mapafu ya mtu aliyepanda mlima wa Kibakwe Desemba, safari ya kanisa, akiimba. Nilikuwepo."

"Dada," Bupe alisema taratibu, "mimi nikikukosea, naomba unipige tu makofi."

Jumapili ya pili ya Mei tulikuwa na Meza ya Bwana. Kanisani kwetu divai hugawiwa kwa vikombe vidogo vya kioo vilivyopangwa kwenye sinia, na mzee wa kanisa hupita nalo safu kwa safu. Sinia la upande wetu lilikuwa mikononi mwa Mzee Batholomeo. Nilisikia vikombe vikigongana kabla sijamwona. Alifika safu ya tatu, mikono ikamruka, vikombe sita vikamwagikia gauni jeupe la Mama Emilia, kiongozi wa akina mama. Mzee alisimama akikodolea macho mikono yake, akipumua kama aliyekimbia.

"Na mzee naye?" Mama Emilia alinong'ona, na mnong'ono wake husikika hadi mlangoni. "Kumbe zile spiriti walikuwa wanagawana!"

Watu walicheka kwa kuficha. Bwana Ebenezer hakucheka. Alimtazama Mzee, kisha akageuka akanitazama mimi, na mikono yangu iliyotulia juu ya Biblia.

Siku tisa baadaye Mzee Batholomeo alifika kwenye chumba changu kipya, Nkuhungu, saa kumi jioni. Macho yalikuwa mekundu. Yeye ambaye siku zote alingoja niseme shikamoo, alinitangulia kwa Kigogo.

"Mbukwa, mwanangu."

"Shikamoo, Mzee."

"Wewe ulipona. Nimekuona, hutetemeki." Alikaa bila kukaribishwa. "Kikombe kimoja tu sasa hivi kinanipiga. Mimi! Moyo unagonga kama mtwangio. Silali. Na watu wananinusa mdomo, Zipora. Jana mchungaji alininusa mdomo."

"Wanafikiri unakunywa."

"Wanafikiri nakunywa."

Nilimwacha asikie alichokisema.

"Ulipona vipi?" aliuliza.

"Nitakwambia Jumapili, kanisani, baada ya wewe kusimama wakati wa matangazo na kusema ulichonifanyia. Maneno ni yako. Nitayapima tu kama ni kweli."

"Mbele ya watu wote?"

"Ulinisema mbele ya nani?"

Alikunja uso, akainuka, akaondoka bila kuaga. Sikujua kama angesema. Tarehe ishirini na nne Mei alisimama.

Alikuwa ameandika kwenye karatasi, na karatasi ilitetemeka hadi akaishika kwa mikono miwili. "Nilisema dada Zipora ni mlevi. Si kweli. Sikumwona akinywa. Aliniandikia kwamba nyumba yangu inamdhuru, nikaona ni rahisi kumchafua yeye kuliko kuisafisha nyumba." Akaketi. Baada ya ibada Bwana Ebenezer alinipita mlangoni, akasema kwa sauti ya kusikika: "Kesho rudi kwenye mizani. Samahani."

Mzee Batholomeo alinisubiri karibu na bomba la maji.

"Nimesema."

"Nimesikia."

"Sasa niambie."

"Sogeza kabati, Mzee."

Alijua. Nadhani alijua tangu wiki ya kwanza, kama mtu ajuavyo jino bovu, akakataa kuligusa kwa ulimi.

"Lile tenki," alisema.

"Tenki, na ukuta kuanzia dari hadi usawa wa mto wako. Rangi ya mafuta haiui kitu. Ulikagua nyumba za watu miaka thelathini."

"Lakini nitalala wapi? Sebuleni nimerundika vyombo vya nyumba kubwa hadi juu. Wageni hawatoki hadi tarehe thelathini Juni."

"Wiki tano na siku mbili."

Alinitazama. Nikaona anaelewa kwamba nilikuwa na namba hiyo tayari, na nilikuwa nayo tangu zamani.

"Kwa nini hukuniambia ulipokuwa unahama?"

Nilitoa karatasi yake ndani ya Biblia yangu nikampa. Aliifungua. Jina lake juu, sahihi yake chini, mistari miwili katikati.

"Soma wa mwisho, Mzee."

"'Mpangaji apunguze kahawa,'" alisoma.

Nikamuaga, nikaondoka. Nyumbani kulikuwa na gramu kumi za kahawa nilizokwisha kupima.